Damu ya Watatu

Ruba lilimbana Tupokigwe akiwa chini ya mashine ya kuchumia chai. Alikuwa amelala ubavu kwenye majani yaliyolowa, spana mkononi, kwa kuwa tumbo la mapacha halikumruhusu kulala vinginevyo. Lilimbana mara tatu, kwa nguvu, kama vidole vya mtu aliyeudhika.

Alijua maana yake. Hakukuwa na mjamzito Rungwe nzima asiyejua. Ruba likinyamaza, mambo ni mazuri. Likibana mara moja, nenda kituo cha afya kesho asubuhi. Likibana mara tatu, kaa hapohapo ulipo.

Alimalizia kwanza nati aliyokuwa akiikaza.

Ruba lenyewe lilikuwa kibandiko chenye jina refu la kitabibu ambalo halikutumiwa na mtu. Kilikaa juu kidogo ya kiwiko, kikanywa damu kwa sindano nyembamba kuliko unywele, kikaipima, kikapeleka majibu hospitali bila kumwomba mtu ruhusa. Wanawake wa Tukuyu walikiita ruba, kama yule mdudu mnyonya damu, tangu siku ya kwanza. Wauguzi walijaribu kuwasahihisha, wakachekwa, na mwisho wao pia wakaanza kusema ruba.

"Tupokigwe," sauti ikatoka kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwa ovaroli. "Ni Daktari Kasyupa. Uko wapi?"

"Shambani, huku juu. Mashine imegoma."

"Iache. Ndege inakuja kukuchukua."

"Daktari, mimi mzima. Hata kichwa hakiniumi."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia sasa, ungali mzima."

Tupokigwe akatoka chini ya mashine taratibu, akajifuta mikono kwenye majani. Wenzake walikuwa wameshasimama kati ya mistari ya chai, wameshika vitambaa vyao vya kichwa, kwa sababu ile ndege nyeupe isiyo na rubani ilikuwa tayari inashuka na upepo wake ulilaza majani pande zote. Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda blanketi lililopashwa joto.

Akaingia na spana yake.

*

Daktari Ambwene Kasyupa alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Alisomea udaktari miaka ile ya mwisho ambapo kifafa cha mimba kiliachiwa kijitangaze chenyewe. Miguu ilivimba, macho yakaona nyota, kisha degedege. Wengine waliletwa wakiwa tayari wamejing'ata ndimi. Tangu ruba lianze kutumika, wodi yake haikuwa imeona degedege hata moja, na hilo alilisema wazi mbele ya yeyote bila kujinyenyekeza.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kioo cha majibu, mikono mifukoni.

Kondo la nyuma lenye afya humwaga kwenye damu protini inayofungua mishipa ya mama. Kondo linalosumbuka humwaga protini nyingine, ambayo huinasa ile ya kwanza na kuizima. Ruba hupima zote mbili na kutoa uwiano wake. Uwiano ukiwa chini, mama alale usingizi. Ukipanda, mishipa imeanza kukakamaa, hata kama presha bado haijasema lolote. Uwiano wa Tupokigwe ulikuwa umepanda tangu wiki iliyopita polepole, na asubuhi hiyo ulikuwa umeruka.

"Mlinzi," Ambwene akasema, "nitenganishie mapacha. Ni kondo la yupi?"

Mlinzi ndilo jina walilolipa akili ya hospitali. Alikuwa na sauti tulivu isiyo ya kiume wala ya kike, na hakuchoka.

"Mapacha hawa hawafanani, kwa hiyo inawezekana," Mlinzi akajibu. "Kondo linalosumbuka hutupa vipande vya vinasaba vyake kwenye damu ya mama. Nimevihesabu. Karibu vyote ni vya pacha mmoja."

Jibu likatokea kwenye kioo. Ambwene akalisoma, akalisoma tena, kisha akakizima kioo kabla muuguzi Edina hajageuka.

"Napendekeza kumsimamisha pacha huyo," Mlinzi akasema. "Ndiyo njia yenye hatari ndogo kwa mama."

"Nimekusikia. Waite waingie."

Gwakisa, mume wa Tupokigwe, alikuwa mwalimu wa jiografia, na alikuja mbio na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Tupokigwe alikuwa kitandani, amevalishwa gauni la hospitali, kucha bado zina grisi.

"Nitawaambia yote bila kuzungusha," Ambwene akasema. "Ugonjwa umeanza. Hujausikia bado kwa sababu tumeuwahi. Makondo yako ni mawili, Tupokigwe. Moja ndilo linalochafua damu. Lingine halina tatizo. Mlinzi anapendekeza tumsimamishe mtoto wa kondo hilo bovu. Likinyauka, damu yako itatulia, na mtoto mwingine atatimiza miezi yake."

"Kumsimamisha," Gwakisa akasema. "Maana yake kumuua."

"Ndiyo. Maana yake hiyo."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza, nyembamba, ile isiyo na haraka.

"Na ukiwatoa wote leo?" Tupokigwe akauliza.

"Wana wiki ishirini na sita, na mmoja ni mdogo hata kwa umri huo. Naweza kukupa mmoja. Naweza nisikupe hata mmoja."

"Hakuna jingine?"

"Lipo. Kuna mchujo." Ambwene akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa usawa mmoja na wa mgonjwa. "Ni mashine. Tunatoa damu yako kidogo kidogo, tunanasa ile protini mbaya, tunakurudishia damu ikiwa safi. Kondo litaendelea kuimwaga, nasi tutaendelea kuichuja, tukinunua siku. Kwa mimba ya mtoto mmoja nimeshafanya mara nyingi na najua ninachokifanya. Kwa mapacha sijafanya. Hajafanya mtu."

"Na hatari yake?"

"Presha inaweza kutupiga chenga. Unaweza kupata kiharusi. Ini linaweza kuvuja damu. Unaweza kufa, na wakati huo nitakimbizana kuwaokoa wao, sijui kama nitawahi."

Gwakisa akaushika mguu wa mkewe juu ya blanketi. Tupokigwe alikuwa akitazama dari.

"Mashine ya chai ikipata joto," akasema hatimaye, "fundi mvivu anang'oa injini. Mimi naipooza, naiacha inaunguruma, naisikiliza. Ikikataa kabisa ndipo naizima." Akamgeukia daktari. "Nataka wote wawili. Tuchuje."

"Sawa."

"Wewe unajua ni yupi? Mwenye kondo bovu?"

"Najua. Kisheria ni haki yako kuambiwa, na si ya mwingine yeyote mpaka wewe uruhusu."

Gwakisa akainama mbele. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka.

"Usiniambie," Tupokigwe akasema. "Wala huyu usimwambie. Nikijua, nitaanza kumhesabia. Kila nikitundikiwa dripu nitasema, ni huyu. Mtoto hata macho hajafungua, tayari ana kesi na mama yake. Sitaki."

"Ukibadili mawazo?"

"Nitakuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Ambwene akamwomba Gwakisa atoke kidogo. Mlango ulipofungwa, akauliza maswali yaleyale tena, kwa maneno mengine, akijaribu kuona kama jibu lingeyumba. Halikuyumba. Mara ya pili Tupokigwe alionekana hata kukereka.

*

Profesa Hokororo, mkuu wa huduma za wazazi kanda yote ya kusini, alijitokeza ukutani mwa ofisi ya Ambwene, uso mkubwa, miwani imeshuka puani. Walikuwa wamefahamiana miaka mingi na hawakupoteza muda kwa salamu.

"Mlinzi wako amenipigia kelele," akasema. "Mgonjwa yuko kwenye nyekundu, njia salama ipo, wewe umechagua isiyo salama. Sheria inasema mama kwanza, Ambwene. Wewe ulikuwa miongoni mwa walioiandika."

"Nilikuwemo. Na niliandika pia kifungu kinachoruhusu daktari kudhamini uamuzi wa mgonjwa."

"Kwa leseni yake."

"Kwa leseni yangu, ndiyo. Nimeshaweka kidole."

Profesa akavua miwani. "Unakumbuka kwa nini tuliiandika ile sheria? Kwa sababu walikuwa hawaulizwi. Mume aliamua, mama mkwe akaamua, ukoo ukaamua, na yeye akafa akiwa ameitika ndiyo mama, ndiyo baba. Una hakika gani kwamba anayeongea hapo si mume?"

Lilikuwa swali zuri, na Ambwene hakulikasirikia.

"Nilimtoa mume nje. Nikamuuliza tena peke yake. Mume ndiye anayetetemeka, Profesa. Yeye hatetemeki."

"Njia ya Mlinzi ina hatari ndogo kupita zote. Hesabu huzioni?"

"Naziona. Ni hesabu sahihi za mwili wake. Mlinzi anapima protini, anapima presha, anapima mkojo. Anachokitaka huyu mama hakimo kwenye damu, kwa hiyo hakimo kwenye hesabu. Siwezi kuandika sheria ya kumlinda asiamuliwe na ukoo halafu nikamwamulia mimi."

"Na ukimpoteza?"

"Mashine ninaijua. Dalili ninazijua. Sitampoteza."

"Nakuuliza, ukimpoteza?"

"Basi hutakuwa na kazi ya kuninyang'anya leseni," Ambwene akasema. "Nitaileta mwenyewe."

Profesa akamtazama kwa muda, akavaa miwani yake, akatoweka ukutani bila kuaga. Ambwene alimjua vya kutosha kuelewa kwamba hiyo ndiyo ruhusa.

*

Mchujo ulikuwa mashine ya ukubwa wa kabati la nguo, yenye mirija miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kurudisha. Damu ilipita kwenye mrija wa kwanza ikiwa nyekundu iliyokolea, ikaingia kwenye tangi lenye nyuzi maelfu zilizopakwa dawa ya kunasa protini ile moja tu, ikarudi kwa mwenyewe. Ilichukua nusu ya mchana, siku moja ndiyo siku moja hapana. Tupokigwe aliletewa kutoka kazini mota ndogo iliyoharibika, akawa anaitengeneza kwenye meza ya chakula huku damu yake ikizunguka nyuma ya kichwa chake.

Uwiano ulishuka baada ya mchujo wa kwanza. Ukapanda tena kesho yake, ukashushwa tena. Ambwene alikuja kuutazama yeye mwenyewe kila asubuhi, akiwa ameshaupata kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Mama Gwakisa, mama mkwe, alikuja na ndizi zilizopikwa na maziwa mgando kwenye kibuyu. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, mikono mipana, mkulima wa viazi. Alikaa pembeni ya kitanda akaitazama ile mirija.

"Gwakisa ameniambia," akasema siku ya tatu. "Kwamba mmoja humo ndani anakusumbua."

"Kondo lake, mama. Si yeye."

"Kondo na mtoto si kitu kimoja?"

Tupokigwe akaendelea na mota yake. Alimtazama mumewe baadaye kwa namna ambayo Gwakisa alitoka nje kwenda kununua maji ambayo hayakuhitajika.

Siku zikawa wiki. Watoto wakaongezeka uzito, mmoja kwa haraka, mwingine kwa shida. Halafu, katikati ya wiki ya ishirini na tisa, baada ya chakula cha mchana, Tupokigwe akaweka bisibisi chini na kusema kwamba taa ya dari inacheza.

Taa haikuwa inacheza.

Ambwene alifika kabla Edina hajamaliza kuita. Presha ilikuwa imepanda ghafla na mchujo ulikuwa haujafika nusu. Walimtundikia dawa ya kuzuia degedege, wakaongeza ya presha, wakampunguzia mwanga.

"Napendekeza kumsimamisha pacha uliyetajiwa," Mlinzi akasema, sauti ileile ya siku zote. "Sindano iko tayari. Dakika kumi."

Gwakisa alikuwa amesimama mlangoni. Akamvuta Ambwene mkono, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika wodi ile.

"Mwambie akubali," akasema kwa sauti iliyopasuka. "Daktari, nakuomba. Nitawalea vipi bila yeye? Mchukue huyo mmoja. Simjui, sijamwona. Huyu ninamjua."

Ambwene alikuwa analijua jibu, pacha ni yupi, na kwa mara ya kwanza tangu alipolisoma, lilimwelemea. Angeweza kufanya jambo lile kwa dakika kumi, sheria ingemshukuru, na mume angemshukuru. Akaurudisha mkono wa Gwakisa taratibu, akaenda kuinama sikioni mwa Tupokigwe.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Usipige kelele, kichwa kinaniuma sasa."

"Mambo yamekuwa magumu. Naweza kumsimamisha yule mmoja. Naweza kuendelea kuchuja kwa kasi zaidi. Naamini mashine bado inaweza. Naamini, sijui. Uamuzi ni wako, na ukisema basi hakuna atakayekulaumu."

Tupokigwe alifumba macho. Mkono wake ulikuwa tumboni, upande wa kushoto, kisha ukahamia wa kulia, ukakaa katikati.

"Wanacheza wote?"

Ambwene akakiweka kipimo. Mioyo miwili ikasikika chumbani, mmoja ukikimbia mbele kidogo ya mwingine.

"Wote."

"Basi ongeza kasi."

Ambwene akaongeza. Alisimama pale mchana wote, mkono kwenye kitufe cha mashine, hakukaa, hakunywa hata maji. Presha ilibaki juu kama inayowapima ubavu. Kisha, vivuli vya miti vilipoanza kurefuka nje ya dirisha, ikashuka kidogo, ikashuka tena. Edina aligeukia ukutani akajipangusa macho kwa mkono wa gauni.

Walipata wiki mbili zaidi. Ini lilipoanza kutoa dalili, Ambwene hakungoja liseme mara ya pili. Aliwatoa watoto asubuhi, kwa upasuaji, jua likiingia madirishani. Wa kwanza alikuwa msichana, mwembamba, ngozi imelegea mifupani kama soksi kubwa. Alilia kwa sauti ndogo lakini alilia. Wa pili alikuwa mvulana, mara mbili yake, na alilia kama mtu aliyeibiwa. Tupokigwe alipoteza damu nyingi, wakamwongezea, na baada ya siku chache akaanza kudai chakula chenye chumvi.

Msichana akaitwa Ipyana. Mvulana akaitwa Lusajo.

*

Siku ya kuruhusiwa, mvua ilikuwa imepumzika na kilele cha mlima Rungwe kilionekana chote. Ipyana alikuwa ametoka kwenye kitanda cha joto wiki iliyotangulia. Alikuwa bado mdogo, lakini alinyonya kwa bidii na alikuwa na tabia ya kukunja uso kama anayesoma maandishi madogo.

"Shikamoo mama," Ambwene akasema akiingia.

"Marahaba, daktari." Mama Gwakisa alikuwa amembeba Lusajo, amemfunika na khanga mpya. Katika wiki zote hizo alikuwa amemwogesha huyo, amemwimbia huyo. Kwa Ipyana kila mara alikuwa na sababu. Mikono ina baridi, mgongo unauma, muuguzi anajua zaidi. Ambwene alikuwa ameyaona, na alikuwa ametumaini yangepita.

"Tunaondoka," Mama Gwakisa akasema. "Huyu atakaa kwangu mpaka mama yake apate nguvu za kutosha. Yule mtakaa naye ninyi."

"Mama," Gwakisa akasema polepole.

"Nasema mbele ya daktari ili nisionekane nasengenya. Zamani huku kwetu mapacha walikuwa jambo la kuogopwa, na mimi sikuogopa, nilikuja hapa kila siku na chakula. Lakini mtoto aliyemla mama yake tumboni, mimi simpakati. Mniwie radhi."

"Nani amekuambia ni yeye?" Tupokigwe akauliza.

"Macho yangu. Mtazame alivyo. Aliyekuwa mgonjwa ni yeye, na ugonjwa wake akakupa wewe. Hilo linahitaji udaktari?"

Tupokigwe akamtazama mumewe. Gwakisa alikuwa anatazama sakafu, na ilikuwa wazi kwamba yeye pia alikuwa amefanya hesabu hiyohiyo, siku nyingi, bila kuisema.

Ambwene alijua kwamba hesabu ile ilikuwa na kosa. Ipyana alikuwa mdogo kwa sababu kitovu chake kilijishika pembeni kabisa mwa kondo, chakula kikamfikia kwa tabu. Kondo lake halikuwa limemdhuru mtu. Lililochafua damu ya mama lilikuwa la mvulana, kondo kubwa, lenye tamaa, lililomnenepesha yeye huku likimziba mama yake mishipa. Jibu lilikuwa wazi kuliko majibu mengi aliyowahi kuyasoma.

Neno moja tu, sivyo, lingemsafisha msichana. Na neno hilohilo lingemhamishia mvulana mzigo wote, kwenye mikono ileile iliyokuwa inampakata. Kunyamaza nako kulikuwa ni kumwacha Ipyana aondoke na hukumu isiyo yake.

Hakuwa na ruhusa ya kusema. Aliyekuwa na ruhusa ya kuuliza alikuwa mmoja. Tupokigwe akafungua mdomo, na Ambwene akajiandaa kumjibu ukweli, kwa kuwa damu ilikuwa yake na haki ilikuwa yake.

Tupokigwe hakumuuliza.

"Mama," akasema, akimgeukia mama mkwe. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Mtoto akiingia, mishipa ya mama inatakiwa ifunguke, imletee damu. Yangu iligoma. Makondo yakawa yanalia njaa, na kile kilio chao ndicho kilichoniumiza. Hawa hawakunila. Mimi ndiye niliyewanyima." Akamnyanyua Ipyana kidogo kifuani. "Kama kuna mtu hapa asiyestahili kushikwa, usinishike mimi. Sivyo, Daktari?"

Wote wakamgeukia Ambwene. Hata Edina, aliyekuwa akikunja mashuka, aliacha.

Ambwene hakuwahi maishani kumpa mtu jibu la damu lisilo sahihi. Hakuwahi kulipamba, hakuwahi kulipunguza makali. Alifikiri upesi, kama alivyofikiri siku ile na mkono kwenye kitufe. Hakuna kondo linalougua peke yake. Linaugua mahali liliposhika, na mahali pale ni mwili wa mama. Kwa nini upande mmoja ulifunguka na mwingine ukagoma, sayansi yake ilikuwa haijafika huko. Jibu alilolisoma lilikuwa la kweli. Hili aliloambiwa aliseme halikuwa uongo kamili.

"Ndivyo," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma majibu. "Shida ilikuwa mishipa ya mama. Watoto hawana walilofanya."

"Wote wawili?" Gwakisa akauliza.

"Wote wawili."

Gwakisa akaketi kitandani kwa uzito, akafunika uso kwa viganja. Mama Gwakisa alimtazama mkwe wake kuanzia kichwani hadi kwenye makovu ya sindano mikononi, kama anayemwona upya.

"Ulijua hivyo, ukalala pale na mirija ile wiki zote hizo," akasema.

"Nilitaka wote, mama."

Bibi akampa Gwakisa Lusajo. Akakaza khanga kiunoni, akanyoosha mikono yake mipana.

"Mlete huyo. Na kofia hii nani kamvika? Inamziba macho, mtoto hata hatuoni." Akaivua, akaikunja ukingo, akamvisha tena vizuri, kisha akatoka naye kwenye baraza akiongea naye kwa Kinyakyusa, haraka haraka, kama mtu mwenye mengi ya kufidia. Gwakisa akamfuata na mvulana.

Tupokigwe alibaki nyuma akikusanya vitu vyake. Spana ilikuwa ya mwisho kuingia kwenye mfuko. Alipofika mlangoni alisimama karibu sana na Ambwene.

"Nimesema uongo, Daktari?"

Ambwene alifikiri kumwambia hapana. Lakini huyu alikuwa mtu wa kuambiwa.

"Nusu," akasema.

Tupokigwe akaitikia kwa kichwa, akiipima nusu hiyo kama anavyopima uzito wa chombo mkononi. Nje Lusajo alikuwa ameanza kulia, na sauti ndogo ya dada yake ikaitikia.

"Nusu naiweza," akasema, akaenda kuwapokea.